Shirley Chisholm: Mama aliyekwenda mahakamani ili aonekane kwenye TV

Miaka 36 kabla Barack Obama hajashinda urais wa Marekani, mwalimu mmoja wa zamani wa chekechea kutoka Brooklyn, New York, aliutaka urais huo huo. Jina lake Shirley Chisholm.

Alizaliwa Novemba 30, 1924, baba akitokea Guyana na mama Barbados. Mwaka 1968 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Januari 1972 akatangaza kuwania tiketi ya chama cha Democratic. Pesa hana, vigogo wa chama hawamtaki, na hata baadhi ya wanasiasa wanaume weusi wakampa kisogo.

Kikwazo kingine kikawa televisheni. Kwenye mchujo wa California, midahalo iliandaliwa kwa ajili ya George McGovern na Hubert Humphrey peke yao. Chisholm akaachwa nje.

Hakukubali. Alikwenda mahakamani, na siku chache kabla ya kura, mahakama ya rufaa ikaamuru naye apewe muda hewani.

California hakushinda. Lakini kwenye mkutano mkuu wa chama, Miami Beach, alipata kura 152 za wajumbe. McGovern ndiye aliyepita, naye akabwagwa vibaya na Richard Nixon.

Chisholm alifariki Januari 1, 2005. Miaka 10 baadaye, Obama, akiwa Ikulu, alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais. Mwenyewe hakuwepo kuipokea.