Charles Best: Kijana Aliyeanzia Maabara

Wengi katika shule yetu hutamani kuwa madaktari. Ni vema basi wajue habari za Charles Best, aliyefanya utafiti mkubwa kabla hajaanza masomo ya udaktari.

Charles Herbert Best alizaliwa tarehe 27 Februari, 1899, huko West Pembroke, jimbo la Maine, Marekani. Wazazi wake walikuwa watu wa Kanada, na baba yake alikuwa daktari. Shangazi yake, Anna, alikufa kwa kisukari. Siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Madaktari waliweza tu kumpunguzia mgonjwa chakula ili aishi siku chache zaidi, na watoto walikonda hadi kufa.

Mwaka 1921 Best alipata shahada yake ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Toronto. Wakati huo daktari mpasuaji, Frederick Banting, alitaka kutafuta ndani ya kongosho kitu kinachotawala sukari ya mwili. Profesa J. J. R. Macleod alimpa nafasi katika maabara, mbwa wa majaribio, na wanafunzi wawili wa kumsaidia kwa zamu, Best na Clark Noble. Inasimuliwa kwamba vijana hao walirusha sarafu, na zamu ya kwanza ikamwangukia Best. Kazi ilianza tarehe 17 Mei.

Banting alipasua mbwa, naye Best alipima sukari katika damu na mkojo. Kazi hiyo ilionekana ndogo, lakini bila vipimo sahihi hakuna ambaye angejua kama dawa inafaa. Mwanzoni mbwa wengi walikufa. Tena, Banting alimkemea Best vikali kwamba vyombo vyake ni vichafu na vipimo vyake si vya kuaminika. Best alikasirika sana, lakini hakuondoka. Alikesha usiku ule akisafisha kila chombo, na tangu hapo wakafanya kazi kwa kuelewana. Mwisho wa Julai walimdunga mbwa mwenye kisukari maji yaliyotolewa katika kongosho, na sukari katika damu yake ikashuka.

Tarehe 11 Januari, 1922, dawa yao ilijaribiwa kwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi. Haikumfaa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. James Collip, mtaalamu wa kemia, aliisafisha zaidi, na tarehe 23 mvulana alipodungwa tena alipata nafuu, akaishi miaka 13 zaidi. Dawa hiyo ndiyo insulini.

Mwaka 1923 Tuzo ya Nobel walipewa Banting na Macleod. Best hakutajwa, ila Banting alimgawia nusu ya fedha zake. Best hakukaa kunung'unika. Aliendelea na masomo, akahitimu udaktari mwaka 1925, na mwaka 1929, akiwa na miaka 30 tu, akashika kiti cha uprofesa alichokiacha Macleod. Alifariki tarehe 31 Machi, 1978.

Basi mwanafunzi anayeosha chupa za maabara yetu na kuandika vipimo vyake kwa uaminifu asidhani anapoteza wakati. Udaktari wake umekwisha kuanza.