Jenerali Aliyepanga Foleni ya Ndege Angani

Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa shule hapa Miritini. Kuanzia Agosti, ndege za kijeshi za Wamarekani, zenye mapangaboi manne, ziliruka kutoka uwanja wa ndege wa Moi, pale Port Reitz, zikipeleka chakula kwa wenzetu waliokufa njaa Somalia. Sisi watoto tukizihesabu. Miaka mingi baadaye ndipo nikamjua mtu aliyeigeuza kazi ile kuwa fani kamili: William H. Tunner.

Alizaliwa 1906 Elizabeth, New Jersey, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point 1928, kisha akawa rubani. Hakupata jina kwa kudondosha mabomu. Alipata jina kwa shehena, na mtu wa Miritini, anayeamka na kulala na mngurumo wa matrela, hahitaji kuelezwa uzito wa kazi hiyo.

Mwaka 1944, wazee wetu wa Keya wakiwa vitani Bama na kudondoshewa chakula msituni kwa ndege, Tunner alikabidhiwa ndege zilizovuka milima ya Himalaya kutoka India kwenda China. Njia hiyo ilikuwa imeua watu wengi. Marubani waliruka kupita kiasi wapate kumaliza saa zao upesi warudi kwao. Yeye akaongeza saa hizo na kuamuru kila mmoja akae mwaka mzima, asiwe na sababu ya kukimbizana na uchovu. Walimchukia, wakambandika jina la Willie Mjeledi. Lakini ajali zilishuka na mizigo ikapanda.

Kazi yake kubwa ilikuja Berlin. Juni 1948 Wasovieti walifunga barabara, reli na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi, mji wa watu zaidi ya milioni 2. Chakula na makaa ya mawe vikabaki kupita angani tu. Tunner alishika uongozi mwisho wa Julai. Ijumaa ya Agosti 13, yeye mwenyewe akiwa ndani ya ndege kuelekea Berlin, mawingu yalishuka hadi mapaani. Ndege moja iliteketea mwisho wa njia ya kutulia, nyingine ikapasuka magurudumu, na zilizokuwa nyuma zikarundikana angani zikizunguka. Akashika redio, akaamuru zote zirudi zilikotoka.

Toka siku hiyo, rubani aliyeshindwa kutua mara ya kwanza hakupewa ya pili: alirudi na mzigo wake. Ndege zilifuatana kwa dakika chache zilizopimwa, mvua au jua. Tena rubani hakuruhusiwa kuacha ndege yake Berlin kwenda kutafuta chai. Chai, vitafunio na taarifa za hali ya hewa vililetwa kwa gari hadi ilipo ndege, wapakuzi wakiendelea na kazi.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Shemeji yangu ni dereva wa trela. Amewahi kulala usiku mbili nje ya lango, akisubiri karatasi moja ambayo mtu angemletea kwa miguu.

Mnamo Aprili 15 na 16, 1949, Tunner alitaka kuvunja rekodi: safari 1,398 ndani ya saa 24, karibu tani 13,000. Mwezi uliofuata Wasovieti wakafungua njia. Tusisahau kwamba watu 101 walikufa katika kazi ile, na kwamba Waingereza waliruka pia, na maelfu ya Wajerumani, wanawake wengi wakiwemo, walijenga uwanja wa Tegel kwa chini ya miezi mitatu. Masimulizi ya majenerali huwameza watu kama hao.

Baadaye alisimamia mizigo ya vita vya Korea. Kuanzia 1958 aliongoza huduma ya uchukuzi wa kijeshi wa anga ya Marekani, akiwasumbua wakubwa wa Washington wampe ndege za jeti zilizoundwa kwa ajili ya mizigo. Alistaafu 1960, Luteni Jenerali, bado hajazipata. Ya kwanza, C-141, iliruka 1963. Yeye alifariki Aprili 6, 1983, huko Virginia.

Mwaka ule wa njaa, C-141 zilitua Port Reitz pia. Tulizitambua kwa sauti. Hazikuwa na mapangaboi.