Maisha ya Krapf ni funzo kwa wanaowategemea wakuu

Zaburi ya 146 ni fupi, yenye aya kumi tu. Mtunzi wake anatuonya tusiyaegemeze matumaini yetu kwa wakuu wa dunia, kwa kuwa hata aliye mkubwa namna gani atakufa, na ahadi alizotoa zitaingia kaburini pamoja naye. Kisha anatuelekeza kwa Mungu, ambaye huwaangalia wenye njaa, wafungwa, vipofu, wageni, mayatima na wajane. Nimeisikia zaburi hii ikisomwa mara nyingi mazishini. Kwa maoni yangu, inawafaa zaidi walio hai, hasa wale wanaopanga safari ndefu na kutafuta wa kuwashika mkono.

Nitaieleza kwa maisha ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa historia nchini Kenya amepata kulisikia jina lake, yaani Dakta Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tunamkumbuka kama Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na tunaishia hapo. Walakini maisha yake, ukiyafuatilia mwaka baada ya mwaka, ni habari ya mtu aliyeegemea mlango mmoja wa mkuu baada ya mwingine, na kila mlango ukafungwa au ukaanguka.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea kazi ya umisionari mjini Basel, Uswisi, na elimu ya dini mjini Tübingen, kisha akajiunga na Church Missionary Society ya Uingereza, ambayo ilimtuma Ethiopia mwaka 1837.

Huko ndiko alikoanza kujifunza tabia ya wakuu. Alifika Adwa, katika nchi ya Tigray, lakini mwezi Machi 1838 yeye na wenzake wakafukuzwa na mtawala wa huko. Hakukata tamaa. Mwaka 1839 aliingia katika ufalme wa Shoa, akapokewa vyema na Mfalme Sahle Selassie, akakaa karibu na jumba lake kwa muda wa miaka mitatu. Mtu angedhani kwamba sasa kazi imepata mlezi. Mwaka 1842 Krapf alitoka Shoa kuelekea pwani, na njiani akatekwa na kunyang'anywa kila kitu na Adara Bille, chifu wa Wollo, ambaye kwanza alimkaribisha kama mgeni wa heshima. Alifika Massawa akiwa mikono mitupu. Alipotaka kurudi Shoa baadaye, alikuta mfalme yule yule aliyemkirimu amewafungia wamisionari njia.

Mwaka huo wa 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu kuingia tena Ethiopia mwaka uliofuata, Rosine alijifungua mtoto wa kike nyikani kabla ya siku zake. Mtoto huyo hakuishi. Walimpa jina la Eneba, maana yake chozi katika lugha ya Kiamhara, wakamzika huko huko na kuendelea na safari yao.

Kwa kuwa Ethiopia ilikuwa imefungwa, Krapf aligeukia pwani yetu. Aliwasili Unguja mwezi Januari 1844 na kupokewa na Sultani Seyyid Said, ambaye alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wote na kuwaagiza wamtendee mema. Katika pwani ya siku hizo, barua ya Seyyid Said ilikuwa ngao kubwa kuliko kikosi cha askari. Mwezi Mei mwaka huo Krapf na mkewe walihamia Mombasa wakiwa na barua hiyo mkononi.

Barua ya sultani ilifungua milango ya watu, lakini haikuwa na amri juu ya homa. Mwezi Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto mwingine wa kike huku yeye na mumewe wote wakiwa wameshikwa na malaria. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki dunia, na baada ya siku chache mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Aliwazika upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, sehemu za Nyali, kama mkewe alivyotaka, ili wapitao njia walione kaburi na kukumbuka kilichomleta huko. Ndani ya miaka miwili alikuwa amezika mke na watoto wawili.

Msomaji, hapa ndipo mtu huamua. Wako ambao wangefunga mizigo, na nisingewalaumu. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara kuwa kazi katika sehemu hii ya Afrika imeanza, na kwamba wajiandae kutuma wengine. Sioni kwamba alisema hivyo kwa sababu moyo wake ulikuwa wa jiwe. Alikuwa amekwisha kuona kwamba nguzo zote alizoziegemea zimevunjika, naye bado yu hai, na bado ana kazi ya kufanya.

Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846. Mwezi Agosti mwaka huo wazee wa Rabai waliwaruhusu kukaa kwao, nao wawili walipanda mlima kwenda kuanzisha kituo, wote wakisumbuliwa na homa. Hakukuwa na mfalme wa kuwalinda hapo, isipokuwa hisani ya wazee. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui, aliona vilele vya mlima ambao Wakamba walimtajia jina lake, na kutokana na jina hilo alivyoliandika likatoka jina la nchi hii. Wataalamu wa Ulaya walimcheka. Mwanajiografia Cooley wa London alishikilia kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1883, Krapf akiwa amekwisha kufa, ndipo Joseph Thomson akauona mlima huo na kuthibitisha habari zake.

Lakini tukio linaloielezea zaburi ile kuliko mengine yote ni la mwaka 1851. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kukata bara hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Kiungo cha kwanza baada ya Rabai kilikuwa Ukambani, na ufunguo wa Ukambani ulikuwa mikononi mwa Kivoi, mkuu wa misafara ya Wakamba, tajiri aliyejulikana kutoka Kitui hadi pwani. Kivoi alikuwa rafiki wa kweli, naye aliahidi kumfikisha Krapf kwenye mto Tana na nchi zilizo ng'ambo yake.

Mwezi Agosti 1851 walifunga safari. Walipokaribia mto huo wakavamiwa na wanyang'anyi. Wafuasi wengi walitawanyika, na Kivoi akauawa papo hapo. Ahadi zote za msafara huo zilikoma saa ile ile, kama zaburi ilivyoonya. Krapf alijikuta peke yake nyikani, bila chakula, bila kiongozi, akiwa na kiu iliyomkausha koo. Aliufikia mto Tana akanywa, kisha likamjia swali la jinsi ya kuchukua maji ya safari, maana hakuwa na kibuyu. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, na mengine akayatia katika mitutu ya bunduki na kuiziba kwa nyasi na vipande vya nguo.

Nimetafakari mara nyingi juu ya bunduki hiyo. Ndicho chombo kilichokuja kuwa fahari ya Wazungu waliomfuata Krapf katika nchi hii, na ndicho walichokitegemea. Siku ile nyikani, faida yake kubwa kwa mwenyewe ilikuwa kubeba maji.

Aliporudi kijijini kwa Kivoi hakupata faraja. Jamaa za marehemu walimlaumu kwa kuwa yu hai ilhali mkubwa wao amekufa, na maisha yake yakawa hatarini. Alitoroka usiku, akawa akitembea gizani na kujificha mchana, hadi akafika Rabai akiwa amekonda na kuchakaa. Mwaka huo huo Pfefferle, mmoja wa wamisionari wapya, alikufa kwa homa muda mfupi baada ya kuwasili, kama alivyokufa Wagner mwaka 1849. Mlolongo wa vituo ulibaki kuwa Rabai peke yake. Mwaka 1853 afya ilimlazimisha Krapf kurudi Ulaya.

Je, alishindwa? Tukihesabu waumini, hesabu yake ni ndogo sana. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa mahututi, ambaye hakuwa na cheo wala mali. Na hapa naiona tena zaburi. Krapf alitafuta kibali cha wafalme wa Ethiopia, akatafuta barua ya sultani na urafiki wa mkuu wa misafara, lakini aliyemsikiliza mpaka mwisho alikuwa mmoja wa wale wanyonge ambao Zaburi ya 146 inasema Mungu huwatazama.

Ni haki pia kusema kwamba Krapf hakuwa malaika. Maandishi yake yana maneno ya dharau juu ya mila za watu wetu na juu ya dini ya Kiislamu. Hata hivyo kadhi mmoja wa Mombasa ndiye aliyemsaidia katika kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, na sura za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikachapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi tuna deni kwake na kwa Waswahili waliomfundisha.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kumtegemea Mungu ni kukaa bure na kukataa msaada wa binadamu. Krapf aliichukua barua ya sultani. Alijifunza lugha kutoka kwa wenyeji, alimfuata Kivoi, na alimshukuru kila aliyemsitiri. Tofauti ni kwamba msaada huo ulipokatika, imani yake haikukatika nao. Barua na marafiki aliwachukua kama fimbo ya safari. Fimbo ikivunjika, msafiri huendelea na safari kwa miguu yake.

Funzo hili linatuhusu sana Wakenya. Tumezoea kuamini kwamba kijiji hakitapata barabara wala kijana kupata kazi mpaka tuwe na mtu wetu juu. Mtu huyo akianguka, au akifa, eneo zima huomboleza kana kwamba kesho yake imezikwa. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na tumeyaona hayo kila baada ya uchaguzi.

Hatari iko hata makanisani. Mwaka 2023 miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, katika kaunti iyo hiyo ya Kilifi iliyo na Rabai ya Krapf. Kesi zake zilipelekwa mahakamani, nami sitazihukumu hapa. Ninachosema ni kwamba mtu akimkabidhi mhubiri akili yake, tumbo lake na watoto wake, hajamtegemea Mungu hata kidogo. Amemtegemea mwanadamu mwenye pumzi puani kama yeye, na zaburi inakataza hilo waziwazi, hata kama mwanadamu huyo amebeba Biblia.

Krapf hakuisahau Afrika. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Mwaka 1875 makao ya watumwa walioachwa huru yalianzishwa Freretown, si mbali na kaburi la Rosine, na kazi aliyoiona ikizimika Ukambani ilikuja kushikwa na wengine ambao hakuwafahamu. Tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal nchini Ujerumani, alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Wafalme wote aliowabembeleza walikuwa wamemtangulia kaburini: Sahle Selassie mwaka 1847, Seyyid Said mwaka 1856.

Basi anayetafuta barua ya mkubwa leo, na aitafute, maana haina dhambi. Aipokee kwa shukrani na kuitumia vizuri. Ila usiku akipiga magoti, akumbuke kwamba aliyeiandika naye ni mgonjwa wa kesho, na kwamba matumaini ya nyumba yake yanahitaji msingi ambao homa haiwezi kuufikia.