Mwana Kupona: Mjane aliyemwachia bintiye urithi wa maneno

MWAKA wa 1858, mjane aliyekuwa amelemewa na maradhi kwa muda wa mwaka mzima alimwita bintiye, akamtaka aje na wino na karatasi.

Mama huyo alikuwa Mwana Kupona binti Mshamu, na maneno yaliyoandikwa ndiyo tunayoyajua leo kama Utendi wa Mwana Kupona.

Hakuwa mgeni wa msiba. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana kwa miaka mingi na majeshi ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, alikuwa amefariki miaka miwili awali. Alimwacha na watoto wawili, Mohammed na Mwana Hashima.

Mohammed alishika upinzani wa baba yake. Lakini je, binti aliyekwisha kufiwa na baba, na ambaye sasa alimwona mama yake akidhoofika, angeshikwa mkono na nani?

Hilo ndilo swali lililomsukuma Mwana Kupona kutunga. Badala ya kuyakabidhi maisha kwa majonzi, aliutumia muda uliobaki kumwandalia mwanawe hirizi ya hekima na kidani cha mawaidha.

Katika beti 102 za lahaja ya Kiamu, alimfunza radhi tano za kutafutwa: ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Akamwelekeza jinsi ya kutunza nyumba, kumstarehesha mume, kusema kweli na kutomdharau mhitaji abishaye mlangoni.

Wasomi wa siku hizi humlaumu kwa kumtaka mke amnyenyekee mume mno, na kwa kumwonya bintiye asichangamane na watumwa ila kwa kazi. Lawama hizo zina msingi, kwani utendi huo ni zao la tabaka la watawala wa enzi zake.

Hata hivyo, tusisahau hali iliyomzunguka. Katika jamii ile, usalama wa msichana asiye na wazazi ulitegemea sana nyumba atakayoolewa. Mama huyo alikuwa akimpa mwanawe silaha alizozijua, na alizozijaribu mwenyewe katika ndoa aliyoikumbuka kwa furaha.

Kisha utendi unageuka kuwa dua. Mwana Kupona anamwomba Mola amponye, na anawakabidhi Kwake watoto na ndugu zake.

Alifariki miaka michache baadaye. Lakini kazi yake ilinakiliwa na kusomwa katika nyumba za pwani, na mwaka wa 1934 ikachapishwa na Alice Werner na William Hichens.

Wengi hukabiliwa na mauti wakiwa wamenyamaza, na wosia wao huzikwa nao. Mwana Kupona alisema mapema, na ndiyo sababu mabinti wasiomjua wamemsikia kwa zaidi ya miaka 160.