Andreas Stihl: Mhandisi aliyeushusha msumeno hadi mikononi mwa mtu mmoja

Ingia kwenye duka la zana, omba msumeno mdogo wa mnyororo, ule ambao mafundi wengi huuita chenso, kisha uinue. Mdogo wa kazi za nyumbani una uzito wa kilo 4 au 5 hivi. Utaushika, utaugeuza, pengine utajiona uko tayari kuanza kazi. Miaka 100 iliyopita, mashine ya kazi hiyo ilihitaji wanaume wawili wenye nguvu, na jioni walirudi nyumbani hoi.

Safari ya kutoka kule hadi hapa ilipitia mikono ya watu wengi. Jina linalotajwa zaidi, hata kwa wasiojua kwamba ni jina la mtu, ni la Andreas Stihl.

Alizaliwa Novemba 10, 1896 mjini Zürich, Uswisi, na akasomea uhandisi wa mitambo nchini Ujerumani. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 29, alifungua ofisi yake mjini Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Hakuanza na misumeno. Shughuli yake ya kwanza ilihusu vifaa vya matanuri ya mitambo ya mvuke. Kazi hiyo ilimfikisha kwenye viwanda vya mbao, na huko akaona jinsi watu walivyoteseka na magogo. Mti uliangushwa kwa shoka na kwa msumeno mrefu wa kuvutana, mmoja huku na mwenzake kule. Halafu gogo lilibururwa hadi kwenye mashine kubwa zisizohamishika.

Stihl akajiuliza jambo ambalo leo linaonekana rahisi: kwa nini gogo ndilo liufuate msumeno, wakati msumeno unaweza kulifuata gogo? Mwaka huohuo wa 1926 alitengeneza msumeno wake wa kwanza wa mnyororo. Ulitumia umeme na ulishikwa na watu wawili. Ulifaa kwenye uwanja wa mbao wenye nyaya za umeme, lakini ndani ya msitu hapakuwa na pa kuuchomeka. Mwaka 1929 akatoa wa petroli. Huo ulikuwa na nguvu farasi 6 na uzito wa kilo 46.

Hakuwa peke yake katika mbio hizo. Mjerumani mwenzake, Emil Lerp, alikuwa ameshaujaribu msumeno wake wa petroli mwaka 1927 kwenye mlima Dolmar, jimboni Thuringia. Ushindani huo ulimlazimisha kila mmoja kufikiria zaidi. Kufikia miaka ya 1930, misumeno ya Stihl ilikuwa ikiuzwa nje ya Ujerumani, hadi Umoja wa Kisovieti na Amerika ya Kaskazini.

Hapa ndipo maisha yake yanapoingia sehemu ambayo matangazo ya biashara huiruka. Wanazi walipochukua madaraka mwaka 1933, Stihl hakukaa pembeni. Alikuwa mwanachama wa chama chao, na pia wa kikosi cha SS. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda chake, kama viwanda vingi vya Ujerumani wa wakati ule, kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Vita ilipokwisha, majeshi ya washirika yalimkamata na kumweka kizuizini kabla ya kuruhusiwa kurejea kwenye kampuni yake.

Tunayataja haya kwa sababu ni sehemu ya maisha yake, na kwa sababu watu wale walioshurutishwa nao walikuwa na mikono iliyochoka. Chombo kikiwa na manufaa, hakimsafishi aliyekitengeneza. Na ubaya wa alichokiunga mkono haufuti ukweli kwamba wakata miti wengi walipata nafuu kutokana na uhandisi wake. Msomaji ana haki ya kuyajua yote mawili.

Baada ya vita, Stihl alirudi kwenye swali lake la zamani, yaani uzito. Mwaka 1950 kampuni yake ilitoa msumeno wa petroli ulioweza kutumiwa na mtu mmoja, wenye kilo 16. Miaka minne baadaye ukaja mwingine wa kilo 11. Mwaka 1959 ukatoka ule ulioitwa Contra, ambao injini yake iliuzungusha mnyororo moja kwa moja bila gia katikati. Ulikuwa na nguvu farasi 6 na uzito wa kilo 12. Linganisha na ule wa 1929: nguvu ni ileile, lakini uzito ulikuwa umeshuka hadi karibu robo.

Wepesi ulileta tatizo jipya. Mtu mmoja aliweza kukata kutwa nzima, na kutwa nzima injini ilikuwa ikimtetemesha. Wakata miti wakaanza kupata ganzi, na vidole vikageuka vyeupe kwa damu kutopita vizuri. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ilianza kutenganisha mishikio na injini ili kupunguza mtetemo. Mwaka 1972 ikaja breki ya mnyororo, inayousimamisha mnyororo mara moja msumeno unaporuka kumrudia mshikaji. Andreas Stihl alifariki dunia Januari 14, 1973, akiwa na umri wa miaka 76, na watoto wake wakaiendeleza kampuni.

Sasa turudi dukani. Ukiyapanga maisha hayo kwa mwaka, yanakupa mpangilio wa maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha, hata kama msumeno unaoutazama ni wa kampuni nyingine kabisa.

Swali la kwanza ni uzito. Kwa kukata matawi ya mwembe uani, kupunguza ua au kukatakata kuni, hukuhitaji mashine ya msituni. Bapa la chuma linaloongoza mnyororo likiwa na sentimita 30 hadi 35 linatosha. Ushike kwa mikono miwili, unyooshe mbele, uhesabu taratibu hadi 30. Mikono ikianza kutetemeka dukani, itakusaliti juani.

La pili ni nguvu inatoka wapi. Kama kazi yako iko hatua chache kutoka ukutani, wa waya unatosha, mradi waya usikae karibu na mnyororo. Wa betri hauna moshi na kelele zake ni chache, ila uliza bei ya betri ya pili. Wa petroli unafaa mbali na umeme, lakini una masharti yake. Petroli huchanganywa na oili maalumu kwa kipimo cha kwenye kijitabu, na kwa misumeno mingi ya leo ni mililita 20 kwa kila lita. Ukitia petroli tupu, injini itakufa. Na usisahau kwamba msumeno wa kwanza wa Stihl ulikuwa wa umeme. Anayechagua wa umeme leo hajachagua kitu cha mchezo.

La tatu, na hili lisipitwe, ni breki. Ncha ya juu ya bapa ikigusa mti, msumeno unaweza kuruka kuelekea usoni kabla hujapepesa jicho. Mwambie muuzaji akuonyeshe breki inavyofanya kazi, kwa kukisukuma mbele kile kinga kilicho mbele ya mkono wa kushoto. Asipoweza, rudisha msumeno mezani. Uliza pia kama mnyororo wa akiba na tupa ya kuunolea vinapatikana, maana mnyororo butu humfanya mtu akandamize, na anayekandamiza ndiye anayeumia. Bajeti yako iwe na miwani, vizuia kelele masikioni, glavu na buti imara. Usikate ukiwa juu ya ngazi, wala msumeno usivuke usawa wa mabega yako. Tawi la juu sana mwachie fundi mwenye vifaa.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kutoka msumeno wa watu wawili hadi msumeno wenye breki. Katika muda huo, vidole vingi viliharibika na watu wengi waliumia kabla dawa haijapatikana. Kinga ile ya plastiki mbele ya mkono inaonekana kitu kidogo. Ijaribu kila siku kabla ya kukata tawi la kwanza.