Maisha ya John Bunyan, Mfungwa wa Bedford

Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, tumeona vema kuwaletea wanachama maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Mwaka huu tumemchagua John Bunyan, Mwingereza aliyefungwa miaka 12 kwa ajili ya imani yake. Wengi wetu tulikisoma kitabu chake, Safari ya Msafiri, tulipokuwa katika shule za misheni. Lakini si wengi wanaokumbuka kwamba aliyekitunga alikuwa fundi maskini, tena mfungwa.

Alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba sufuria na vyombo vya madini vilivyotoboka, na mwanawe akaurithi ufundi huo. Alifundishwa kusoma na kuandika, na elimu yake ikaishia hapo. Mwaka 1644 mama yake alifariki, na mwaka huo huo akaingia katika jeshi la Bunge lililokuwa likipigana na Mfalme Charles wa Kwanza. Aliporudi kwao alioa mke maskini kama yeye mwenyewe, ambaye mali aliyokuja nayo ilikuwa vitabu viwili vya dini. Ndivyo alivyoanza kuitafakari roho yake. Baada ya miaka mingi ya mashaka alijiunga na kanisa dogo la Bedford, akaanza kuhubiri, na watu wakaja kwa wingi kumsikiliza.

Mwaka 1660 Mfalme Charles wa Pili alirudishwa katika kiti cha enzi, na watu wa makanisa madogo kama lile la Bedford wakanyimwa uhuru wa kukusanyika. Mwezi wa Novemba mwaka ule Bunyan alialikwa kuhubiri kijijini. Kabla ya mkutano kuanza alipata habari kwamba hati ya kumkamata imekwisha kutolewa, na nafasi ya kukimbia ilikuwapo. Lakini aliona kwamba akikimbia yeye, waumini walio wachanga watavunjika moyo. Akabaki, akakamatwa.

Hapo twaomba msomaji aangalie jambo moja. Ufunguo wa gereza ulikuwa katika kinywa cha mfungwa mwenyewe. Kama angaliahidi kuacha kuhubiri, angalirudi kwake. Hakuahidi. Akaonywa kwamba akishikilia neno lake atafukuzwa nchini, na akirudi bila ruhusa atanyongwa.

Wala nyumbani hakukuwa na raha. Mkewe wa kwanza alikuwa amekwisha kufa na kumwachia watoto 4, na Mary, binti wa kwanza, alikuwa kipofu. Mkewe wa pili, Elizabeth, alikuwa mja mzito. Habari za kukamatwa kwa mumewe zilimshtua hata akajifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Hata hivyo, mwaka 1661 mama huyo alikwenda kusimama mbele ya majaji kumtetea mumewe. Aliwaeleza kwamba yeye na watoto hawana riziki ila sadaka za watu wema. Jaji mmoja, Sir Matthew Hale, alimwonea huruma, lakini mlango wa gereza haukufunguliwa.

Tusidhani kwamba furaha ilimjia Bunyan kwa urahisi. Kutengana na mkewe na watoto wake kulimwuma sana, hasa alipomkumbuka yule mtoto kipofu. Aliogopa kitanzi pia. Na kuliko kifo chenyewe aliogopa kwamba siku ya kunyongwa uso wake utapauka na magoti yake yatatetemeka, adui wapate kuicheka imani. Aliomba faraja, nayo ilikawia. Mwishowe alikata shauri kwamba atakaa upande wa Mungu, apewe faraja au asipewe. Ndipo moyo wake ulipotulia, na furaha ikaingia. Kwa mtu huyu, basi, kusudi lilitangulia, na furaha ikalifuata nyuma.

Wala hakukaa bure. Alisuka kamba za kufungia viatu na nguo, akazitia ncha za madini, zikauzwa kuwalisha watoto wake. Aliwahubiri wafungwa wenzake. Aliandika vitabu, na kimoja, kilichotolewa mwaka 1666, chaeleza habari za maisha yake mwenyewe. Mwaka 1672 Mfalme alizilegeza sheria zile, Bunyan akafunguliwa, akawa mchungaji wa kanisa lake la Bedford. Baadaye alifungwa tena kwa muda wa miezi michache. Safari ya Msafiri ilipigwa chapa mwaka 1678, na tangu hapo imefasiriwa kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya upatanishi. Mwaka 1688 alipanda farasi kwenda mji wa Reading kumpatanisha baba na mwanawe waliokosana. Alifaulu, lakini alipokuwa njiani kwenda London mvua kubwa ilimnyeshea, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 Agosti. Alizikwa London, katika makaburi ya Bunhill Fields.

Twamaliza kwa neno linalotuhusu sisi wa chama hiki. Bunyan aliweza kusimama imara gerezani kwa kuwa nje walikuwako watu waliompelekea Elizabeth na watoto mkate. Majina yao mengi hatuyajui. Lakini kama wasingalitoa kidogo walichokuwa nacho, huenda mfungwa yule angalivunjika moyo kwa kilio cha watoto wake. Tunapotoa michango yetu kwa wajane na kwa jamaa waliopatwa na msiba, tuwakumbuke watu hao, tukatoe kwa furaha.