Orazio Satta: Aliyelipa gari la familia moyo wa mbio

Ukiona Alfa Romeo ya milango minne inakata kona bila kuyumba, ujue kuna injinia nyuma yake. Orazio Satta Puliga alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1910, akaingia Alfa Romeo 1938.

Vita vilipoisha, kiwanda chao cha Milan kilikuwa kimepigwa mabomu. Alfa walizoea kuunda magari machache ya matajiri, na wateja hao hawakutosha tena. Kiwanda kikafikia kutengeneza hadi majiko ya umeme!

Mwaka 1950 Satta akatoa Alfa 1900, gari lao la kwanza lisilo na chesisi ya peke yake, na la kwanza kuundwa kwa wingi. Mwaka huohuo Alfa 158 ikabeba ubingwa wa kwanza wa dunia wa Formula 1. Yaani huku mbio, huku gari la kupeleka watoto shule.

Giulia ikaja 1962. Kwa macho ni boksi tu, lakini inapasua upepo vizuri, ina gia tano na injini inayopenda kukimbizwa. Ndugu yake wa milango miwili, GTA, akatwaa ubingwa wa Ulaya wa magari ya aina hiyo 1966.

Kwenye Alfetta ya 1972, giaboksi aliipeleka nyuma ili uzito ugawanyike karibu sawa. Kuingiza gia ikawa kazi kidogo, kweli, ila barabarani gari lilitulia.

Satta alifariki 1974. Alfetta ya milango minne iliendelea kuundwa hadi 1984.